Shingo nyeusi kumbe si uchafu: kijana wa miaka 14 ana mafuta kwenye damu

MamaDoi, Kisumu
Hamjambo wadau. Kijana wangu yuko gredi ya 9, kilo 81. Shingo imekuwa nyeusi tititi, na makwapa pia. Nimemsugua na sponji mpaka akalia, nikidhani haogi vizuri. Juzi daktari aliiangalia tu hiyo shingo, akaagiza damu ipimwe asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni. Sukari 5.8, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 2.1, HDL (yale mafuta mazuri) 0.8. Eti bado si kisukari, ila mwili hauisikii insulini, ile homoni ya kushusha sukari. Mamangu ana sukari. Nianzie wapi?

Jaduong
Huo mwili ni wa afya, mama. Akirefuka utaisha.

NesiMstaafu
Jaduong, pole pole. Ni kweli kubalehe kwenyewe hufanya insulini isisikike vizuri, na kwa wengi hali hutulia baadaye. Lakini huyu ana uzito, ana nyanya mwenye sukari, na shingo imeshasema. Mwili ukikaidi, kongosho humwaga insulini zaidi, na hiyo ikizidi ndiyo hukoleza ngozi na kuifanya nene. Ini nalo hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Kwa umri wake trigliseridi ikifika 1.5 iko juu, na HDL chini ya 1.0 ni kidogo. Sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6 hadi 6.9 ni ya kuchungwa. Mwulize daktari lini mtarudia vipimo, na kama ini na presha zimeangaliwa. Sponji weka mbali!

BabaWawili, Nakuru
Wetu ni msichana, na hedhi pia ilikuwa inaruka miezi. Tuliondoa soda na juisi kwa nyumba nzima, hata mimi (niliumia kuliko yeye). Ugali haukufukuzwa, ulipunguzwa. Mboga na omena zikaongezwa. Usimpikie chakula chake peke yake, ataona ni adhabu. Na wauza unga wa mdalasini watakujia inbox, waache.

MamaDoi
Asanteni. Shule ni kilomita mbili na nusu, na mimi ndiye nalipa boda kila siku, pamoja na pesa ya chipsi na smokie. Kuanzia Jumatatu tunatembea, namsindikiza hadi stejini. Nimemwomba msamaha kwa ile sponji. Amecheka, akauliza kama sasa anaweza kuacha kuoga.