Mjadala: Kijana aliyezaliwa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, mlango wake wa uraia ni upi?

Msaidizi wa sheria, Mbarara

Msimamo wangu nautoa mapema: aliyezaliwa Uganda na wazazi wakimbizi, akakulia na kusoma hapa, apewe haki ya kuandikishwa kuwa raia. Leo hana haki hiyo. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 1995 kinamtambua aliyezaliwa nchini, lakini kwa masharti. Alipozaliwa, mzazi, babu wala bibi yake yeyote asiwe mkimbizi au mwanadiplomasia hapa. Tena awe ameishi Uganda mfululizo tangu 9 Oktoba 1962. Aliyezaliwa 2004 atatimizaje hilo? Kifungu hichohicho kina njia ya aliyehamia kihalali na kwa hiari yake akakaa miaka 10, ila mtoto wa Nakivale hakuhamia, na wazazi wake walikimbia vita. Njia ya tatu ni ya waliokuwa wamekwisha kuishi hapa miaka 20 Katiba ilipoanza kutumika, maana yake tangu 1975. Tarehe zimewafungia vijana nje kabla hawajazaliwa.

Mkulima, Isingiro

Napinga, na si kwa chuki. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea, na kwenye makazi familia hupewa kipande cha ardhi cha kulima. Nchi ngapi zinafanya hivyo? Uraia ni jambo jingine, unakuja na kura na ardhi. Asiye raia anaruhusiwa kukodi tu, mwisho miaka 99. Akishakuwa raia ananunua moja kwa moja. Huku mipaka kati ya makazi ya Nakivale na mashamba yetu inagombaniwa tayari. Mkifungua mlango kwa wote siku moja, mtawasha moto ambao wakimbizi wenyewe ndio watakaoungua kwanza.

Mshauri wa wakimbizi, Kampala

Mzee, hofu ya ardhi naiheshimu. Lakini tusisahau 1982, watu wa asili ya Rwanda walipofukuzwa Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, na waliokuwa raia wakafukuzwa pamoja na wakimbizi. Mtu asiye na karatasi ya kueleweka hufukuzika kirahisi, na jirani yake mwenye karatasi huburutwa naye.

Sasa kwa wazazi wanaosoma hapa: mlango uliobaki ni tajinisi, yaani mgeni aliyekaa sana kuomba uraia na serikali kuamua. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mkimbizi haandikishwi chini ya kifungu cha 12, ila anaweza kuomba tajinisi. Awe ameishi nchini jumla ya miaka 20, na miezi 24 ya mwisho iwe mfululizo. Awe na tabia njema, na ajue Kiingereza au lugha ya wenyeji iliyotajwa kisheria. Kwa hiyo aliyezaliwa hapa hawezi kuomba kabla ya kutimiza miaka 20, na hata akitimiza yote, Bodi ya Uraia ina hiari ya kukataa.

Maombi hukwama kwenye ushahidi. Miaka 20 inathibitishwa kwa karatasi, si kwa maneno ya jirani. Taarifa ya kuzaliwa iliyotolewa na kituo cha afya ipelekwe mapema NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, ili cheti kitoke. Tunza karatasi ya familia ya OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu inayosajili wakimbizi, kila inapobadilishwa, hata iliyokwisha muda. Weka ripoti za shule za kila mwaka, cheti cha PLE (mtihani wa kumaliza msingi), cha UCE (wa kidato cha nne), na barua za LC1 (baraza la kijiji) za kila mlikohamia. Kisha linganisha majina. Mtoto anaitwa Byamungu kwenye karatasi ya OPM, Bahati kwenye cheti cha kuzaliwa, na Byamungu Bahati Innocent kwenye PLE: ofisini hao ni watu watatu. Rekebisheni kabla hajasajiliwa kwa PLE, mtihani wa darasa la saba. Na cheti cha kuzaliwa kinathibitisha alipozaliwa, hakimpi uraia.

Mzazi, makazi ya wakimbizi ya Kyaka II

Na kama baba ni Mganda, mama ndiye Mkongomani?

Mshauri wa wakimbizi, Kampala

Dada, huyo tayari ni raia kwa kuzaliwa chini ya kifungu cha 10, mradi baba mwenyewe alikuwa raia kwa kuzaliwa. Haombi, anasajiliwa tu. Tatizo huanza mama anapomwingiza kwenye karatasi ya familia ya wakimbizi ili apate mgao wa misaada. Akienda kuchukua kitambulisho cha taifa, alama zake za vidole zinaweza kuonekana kwenye orodha ya wakimbizi. Andikeni jina na NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ya baba tangu cheti cha kuzaliwa. Baba akikana mtoto, mama aombe mahakama itamke nani mzazi, kabla mtoto hajafikisha miaka 18.

Msaidizi wa sheria, Mbarara

Naongeza jambo linalowapita wengi. Njia hiyo ya kifungu cha 10 inataka mzazi, babu au bibi aliye raia *kwa kuzaliwa*. Baba akipata tajinisi leo, msidhani mtoto wake amefuata. Ulizeni juu ya kila mtoto peke yake.

Na wanaoshauri vijana wajiandikishe kwa kujidai ni wa kabila la jirani wanawaharibia. Ni kosa la jinai, kitambulisho kinaweza kufutwa, na sharti la tabia njema linavunjika siku ileile.

Mkulima, Isingiro

Hapo kwenye kabila tuko pamoja, kwa sababu udanganyifu huo ndio unaotutia wasiwasi. Nitakubali mlango kwa aliyezaliwa na kusoma hapa, aombe mmoja mmoja akifika miaka 18, na viongozi wa kata waulizwe. Ardhi ya makazi ibaki ya serikali, isigawanywe kwa hati.

Msaidizi wa sheria, Mbarara

Kuulizwa viongozi nakubali, wasipewe tu uwezo wa kuzuia. Ila hata hilo linahitaji Bunge lirekebishe kifungu cha 12: tarehe ya 1962 itoke, na ukimbizi wa babu usimhukumu mjukuu.

Mkulima, Isingiro

Tarehe itoke. Hilo la babu bado nalipinga.