Nani kaiambia hii programu iniwekee simu laudispika?

Wakuu, nina hasira hadi vidole vinatetemeka. Ni programu ile ya kupiga simu kwa intaneti, mnaijua, siitaji. Haijapita hata dakika 10 tangu initie aibu.

Simu iko sikioni, kioo kimezima, dada yangu ananong'ona. Mtandao ukayumba, ikaandika inaunganisha upya, ikarudi. Imerudi na spika kubwa! Sauti ya kufufua wafu: "KAKA, USIMWAMBIE MTU, KAZI NIMEACHA." Na bega kwa bega na mimi kakaa mama mkwe wake.

Nikabonyeza alama ya spika, ikazima, ikawaka yenyewe. "USIMWAMBIE MTU, SAWA?" Mara ya pili! Napunguza sauti, na sauti ya maongezi haishuki hadi sifuri. Mtu kaniamini, kanong'ona, halafu simu inatangaza. Mama mkwe! Bega kwa bega!

Popo wa Mchana: Shavu lako hilo limebonyeza, usisingizie watu.

Mleta mada: Kioo kilikuwa KIMEZIMA. Shavu linabonyeza kioo kilichozima?

Fundi Nyaya: Kosa la walioiunda. Tangu Android 12, mwaka 2021, programu inatakiwa ichague yenyewe kifaa cha maongezi, mfano spika ya sikioni. Amri ya zamani ya kuwasha na kuzima spika imewekwa kando, ila wapo wanaoing'ang'ania. Simu ikiunganishwa upya wasipochagua tena, sauti inajiendea. Kwenye iPhone simu ya sauti huanzia sikioni, labda programu iombe spika.

Mleta mada: Hayo kamwambie mama mkwe.

Kisebusebu: Tuache ufundi, mama mkwe kasemaje?

Bi Mkavu: Afadhali yako. Mimi naweka sikioni kioo hakizimi, shavu linakata simu kila siku, watu wananiona nina kiburi.

Popo wa Mchana: Toa hilo kava, huenda linasumbua kihisi cha juu, kile kinachozima kioo.

Bi Mkavu: Sina kava!

Mleta mada: Mama mkwe hajasema neno. Katoa simu, anampigia mwanawe.

Kisebusebu: Kwa laudispika?

Dereva Mstaafu: Nyie mnalia na spika, mimi nikiwa ndani ya nyumba simu inajiunga na bluetooth ya gari lililoegeshwa nje. Naita haloo haloo, mtu anaongea na viti.

Bi Mkavu: Hata ya mume wangu! Ulizimaje?