Draivu ya Z inachukua dakika nzima kufunguka na intaneti iko poa kabisa, nisaidieni

bango_na_kadi
Wasee habari za asubuhi. Niko na kaduka ka kuprint huku karibu na River Road, orofa ya tatu, tunafanya kadi za harusi, bango, stika na vijitabu vya matanga. Tuko na kompyuta 5 na ya 6 iko kwa kona, hiyo ndiyo tunaita seva, ingawa ukweli ni deskitopu tu ya ex-UK yenye nilishea folda moja na kila mashine inaiona kama draivu Z. Zote ni Windows 10.

Sasa shida. Mtu akifungua Explorer (ile programu ya Windows ya kuangalia folda), kale kalaini ka kijani pale juu kanaanza kutembea kama konokono, nahesabu sekunde 20 na kitu kabla hata nione folda, alafu nikiingia ndani ya folda ya picha za wateja inaanza upya na hapo ni dakika mzima kama si zaidi. Jana kuna familia ilikuja kuangalia kijitabu chao, mazishi ni Ijumaa, mzee wao amesimama nyuma yangu tunaangalia hiyo laini ya kijani sote wawili na hakuna mwenye anaongea. Niliona aibu ya ajabu.

Jamaa mwenye alituwekea intaneti aliniambia tupandishe pakiti tutoke megabiti 20 tuende 40, tukapandisha, tunalipa kila mwezi, na Z iko vile vile. YouTube inacheza bila kukwama. Nimerestati kila kitu mpaka printa. Shida ni gani?

kijana_wa_umo
Buda format hizo mashini zote uweke Windows mpya. Ama ingia kwa Windows Features uwashe SMB1 (ile lugha ya zamani ya Windows ya kushea faili), kuna video niliona jamaa akiiwasha na shea zake zikafunguka chap chap.

nyaya_na_swichi
Usiwashe SMB1 tafadhali!! Hiyo ndiyo mlango ile virusi ya WannaCry iliingilia Mei 2017, mpaka hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani, na mwaka huo huo Windows 10 ikaanza kuja bila hiyo kitu. Utaiwasha tu kama uko na kifaa mzee kisichojua lugha ingine, na hata hapo ni afadhali ununue kingine. Pia haina kasi, hiyo SMB1 ndiyo ya polepole kuliko zote zilizokuja baadaye.

Na hiyo pakiti ya 40 mmelipia bure kwa hii maneno. Faili ikitoka kwa seva yenu kwa kona kuja kwa meza yako haitoki nje ya hiyo ofisi, inapita kwa swichi tu, kale kaboksi kanaunganisha nyaya za kompyuta zenu. Chomoa waya wa intaneti kabisa na Z bado itafunguka.

Kabla mtu aguze kitu, kufungua folda na kuhamisha faili si kazi moja, watu huchanganya. Unaweza kuwa na nyaya za nguvu na folda bado inachukua dakika, ama folda inafunguka haraka na kukopi faili moja kubwa ni mateso. Kwa hivyo nijibu hizi. Ukibonyeza Windows na R uandike \\ na IP ya seva (ile namba yake kwa netiwaki), inafunguka haraka kuliko kupitia Z? Ukifungua cmd (kale kadirisha keusi ka kuandika amri) uandike dir (amri ya kuorodhesha majina ya faili) na njia ya hiyo folda ya picha, inachukua muda gani? Hapo hapo kwa cmd andika net use (inaonyesha draivu za netiwaki) uniambie unaona nini. Alafu kopi faili moja kubwa kutoka kila kompyuta, uandike kasi. Usikadirie, hesabu.

bango_na_kadi
Mimi si buda lakini sawa 😂

Nimefanya yote. Kwa IP inafunguka mara moja, nilishtuka. Dir ya folda ya picha inamaliza kwa sekunde 3, majina yanapita tu mbio, chini imeandika faili 14,000 na zaidi. Kwa net use naona Z imeandikwa OK na kuna Y imeandikwa Unavailable. Y ilikuwa kompyuta ingine tulikuwa nayo, tuliiuza mwaka jana. Kukopi, kompyuta 4 zinapiga 100 na kitu MB kwa sekunde, ile ya 5 yenye iko kwa meza ya kukata karatasi inakwama kwa 11.

nyaya_na_swichi
Pole madam kwa niaba ya kijana wa Umo.

Hapo umeshika mwizi, tena wezi watatu. Wa kwanza ni Y. Explorer ikifunguka inapiga simu kwa kila draivu yenye inaijua, na hiyo Y ni namba ya mtu alihama. Windows haikati simu haraka, inangoja, inajaribu tena, inaweza kumaliza sekunde 20 hivi kabla ikubali hakuna mtu, na wewe wakati huo unadhani ni Z imechelewa. Ndio maana kwa IP ilifunguka chap, ulipita kando yake. Kwa cmd andika

net use Y: /delete

kwa kila kompyuta. Pia pale Quick access upande wa kushoto, kama kuna folda imebanwa ya hiyo mashine mliuza, itoe, alafu ingia Folder Options ufute historia kwa kitufe cha Clear. Hizo njia za mkato za watu waliokufa zinasumbua vile vile.

Wa tatu ni waya. 11 MB kwa sekunde ni sahihi ya laini ya megabiti 100, sijawahi kosea kwa hiyo. Gigabiti inataka nyuzi zote 8 ndani ya kebo ziwe hai, megabiti 100 inataka 4 tu, kwa hivyo uzi mmoja kati ya zile 4 zingine ukikatika laini haifi, inashuka tu kimya kimya na hakuna mtu anakuambia. Ingia Settings, Ethernet, utaona link speed imeandikwa 100/100 kwa hiyo kompyuta. Badilisha kebo kabla ufikirie kitu kingine. Na ukinunua, uliza kama ni shaba. Kuna zile za bei ya kutupa ni alumini imepakwa shaba juu, ukiikunja mara tatu imekufa.

Wa pili naachia mtu mwingine, niko kwa ngazi ya mteja na simu iko 6%.

ofisi_bila_presha
Nitamalizia huyo wa pili, alinisumbua miaka miwili tukiwa na picha za shule.

Dada, angalia hapo umesema dir inachukua sekunde 3 na Explorer dakika. Folda ni ile ile, waya ni ule ule, seva ni ile ile. Tofauti ni kwamba dir inaomba majina tu, na seva inayapeana kwa mafungu. Explorer nayo ikiona folda imejaa picha inaamua yenyewe kuiweka kwa mtindo wa Pictures, na hapo haitosheki na jina, inataka kufungua kila faili isome ilipigwa lini, upana, urefu, alafu ichore na kapicha kadogo. Piga hesabu, hata kama kila faili inachukua milisekunde 4 kwenda kwa seva na kurudi, mara 14,000 hiyo ni sekunde 56. Dakika yako ndio hiyo. Kwa diski ya ndani huwezi sikia, kwa netiwaki kila faili ni safari.

Fanya hivi, raiti-kliki kwa hiyo folda, Properties, Customize, pale wameandika Optimize this folder for uchague General items na utie tiki kwa kale kaboksi ka chini ili folda za ndani pia zifuate. Lazima urudie kwa kila kompyuta kwa sababu hiyo mpangilio inakaa kwa mashine ya mtu, haikai kwa seva. Kama umezoea kupanga kwa tarehe ya kupigwa picha, acha, panga kwa Date modified.

Na kama kuna mtu ameacha preview pane wazi upande wa kulia, aifunge, ni Alt na P. Kila PDF ya kurasa 40 anayoguza na mouse inavutwa kutoka kwa seva ndio aoneshwe ukurasa wa kwanza. Sisi alikuwa ni bosi mwenyewe, na ndiye alikuwa analalamika zaidi.

Alafu 14,000 kwa folda moja jamani. Gawa kwa mwezi.

pengwini_wa_south_b
Kwa wale wa Linux wanasoma hii, Nautilus (Explorer yetu) pia ni hivyo, ingia Preferences hakikisha thambneli (vile vipicha vidogo) ni za faili za hii kompyuta pekee. Na kama unafanya kazi kwa hiyo shea kila siku, iwekee mount ya cifs (ikae imeunganishwa kama folda ya kawaida) badala ya kuifungua na smb:// kila saa, mimi niliona tofauti kubwa. Najua hamkuuliza.

kijana_wa_umo
Na antivairasi je? Kwetu ilikuwa inaskani kila faili ya netiwaki ikifunguliwa.

nyaya_na_swichi
@kijana_wa_umo hiyo sasa ni pointi. Lakini madam asiizime, aangalie tu kama skani ya draivu za netiwaki imewashwa kwa kompyuta wakati seva nayo inajiskani yenyewe. Kazi moja inafanywa mara mbili.

bango_na_kadi
Nimerudi na ripoti.

Y nimeitoa kwa mashine zote, Explorer inafunguka kabla nitoe kidole kwa mouse. Folda ya picha nimeweka General items, sasa ni sekunde 4, na msichana wa mapokezi ameanza kugawa picha kwa miezi, amefika 2021 na amekasirika.

Kebo ndiyo imenichekesha. Nilifuata waya kutoka kwa meza ya kukata nikiwa kwa magoti na tochi ya simu, nikapata mguu wa mashine ya kukata umekalia waya, ile ya chuma nzito tunatumia kwa rimu nzima, waya umekuwa bapa kama chapati. Na upande wa swichi kale kameno ka plastiki kalivunjika zamani, mtu alikazia na gamu na kijiti cha meno. Hakuna mwenye anakubali. Nimeweka kebo ingine nikaipitisha juu ya ukuta, sasa naona 1000/1000 na faili ya MB 600 yenye ilikuwa inachukua karibu dakika imeingia kwa sekunde 6.

Ile familia wamerudi leo kuongeza vijitabu 50. Nilikuwa nimefungua kabla mzee avute kiti.

Pakiti ya intaneti naishusha mwisho wa mwezi.

kijana_wa_umo
Safi madam. Mimi bado ningeformat.