Wauza kompyuta za mezani, "Core i5" bila namba zake ni mbuzi kwenye gunia

Wakuu, salama?

Sizunguki mbuyu. Fungua grupu lolote la WhatsApp la wauza kompyuta, tangazo ni lilelile: "Desktop full set, Core i5, RAM 8, HDD 500, iko fasta, mzigo wa UK, waranti miezi 3." Unauliza i5 ipi? Unajibiwa "i5 original boss". Unauliza mara ya pili, unatumiwa namba ya kulipia.

Sasa "i5 original" ni mnyama gani? Core i5 ni jina la familia ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. i5-650 ilitoka 2010, ina viini viwili. i5-2400 ni ya 2011, viini vinne. i5-12400 ni ya 2022, viini sita vinavyobeba kazi 12 kwa mpigo. Zote tatu ni Core i5. Muuzaji akikwambia "i5" hajadanganya, ila hajakwambia kitu. Mtu anatoa hela ya i5-8500, anaondoka na i5-3470, na kwa nje boksi ni jeusi tu, atajulia wapi?

Namba inasomwa hivi. Zikiwa tarakimu nne baada ya kistari, ya kwanza ndiyo kizazi: 3470 ni cha 3, 6500 ni cha 6, 8500 ni cha 8. Zikiwa tano, chukua mbili za mwanzo: 10400 ni cha 10. Angalia na herufi ya mwisho. T ni prosesa ya umeme mdogo, wati 35: i5-6500 inaanzia GHz 3.2, i5-6500T inaanzia 2.5. F haina sehemu ya kutoa picha ndani yake, usipoweka kadi ya picha kioo kinabaki cheusi.

Sina ugomvi na mtumba. Kwa mtu wa barua, Excel ya duka, mtoto kuomba mkopo wa chuo HESLB na YouTube jioni, mashine ya ofisini iliyotumika (HP EliteDesk na ProDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre) inazishinda nyingi zinazoitwa mpya. Ugomvi wangu ni kuficha.

Namba ina uzito zaidi sasa kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, rasmi inaanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kwa hiyo yale maneno ya kijiweni kwamba "i7 ni kubwa kuliko i3" yatupwe: i7-7700 ya Januari 2017 haimo kwenye orodha ya Windows 11, i3-8100 ya Oktoba mwaka huohuo imo.

Wauzaji wanalijua hili, ndiyo maana siku hizi i5 ya kizazi cha 4 unaikuta na Windows 11 tayari. Wamepitisha kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuwekea Windows), ukaguzi wa TPM ukarukwa. Itawaka na itafanya kazi, sikatai. Lakini toleo kubwa jipya likitoka halitakuja lenyewe, fundi arudie kazi na wewe ulipie tena. Core 2 Duo, zile za kabla ya Core i, ndiyo kabisa: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 haiwaki kwenye prosesa isiyo na amri ya POPCNT, uzunguke utakavyozunguka.

Ukiwa palepale dukani, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika slmgr /xpr. Ikikuletea tarehe ya kuisha, umewekewa KMS, leseni ya muda ya siku 180, na kile kiprogramu kilichoiweka mara nyingi kimeizima Defender (kinga ya virusi ya Windows) ili kisikamatwe. Kinachochefua ni kwamba mashine nyingi za ofisi zilizotoka kiwandani na Windows 10 Pro zina ufunguo wake ndani ya BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye madabodi (bodi kuu). Ukiiweka Windows safi toleo la Pro, inajitambua yenyewe bila wizi wowote. Ni uvivu tu.

Tusi la pili, baada ya "i5" tupu, ni "HDD 500", yaani hadi diski ya kuzunguka. Mtu analalamika kompyuta nzito, fundi anamwambia aongeze RAM, anaongeza, nzito ileile. Afungue Task Manager aangalie safu ya diski: imekaa asilimia 100 dakika nzima baada ya kuwaka. Windows inasoma vifaili vidogo maelfu kwa maelfu, na kichwa cha hadi diski kinahangaika huku na huku kuvifuata. SSD (diski isiyo na kinachozunguka) ya SATA ya GB 240 inaibadilisha i5-4570 kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Na iwe SATA kweli, ya kebo ileile ya hadi diski: mashine nyingi za kizazi cha 4 kushuka chini haziwezi kuwakia kwenye NVMe (SSD ya aina mpya zaidi) bila kuchezea BIOS, lakini kuna watu wanauziwa NVMe na adapta yake wanaachwa wakishangaa.

Hadi diski ya zamani ifanye stoo ya picha na muziki, baada ya kupimwa. CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, inakaa kwenye flashi na haihitaji kusakinishwa. Tazama mistari ya 05, C5 na C6: thamani ghafi ikizidi sifuri, irudishe. Tazama na saa za kuwaka: 40,000 maana yake diski hiyo imekesha miaka minne na nusu. (SSD ya 256 kuonyesha 238 si wizi, ni namna Windows inavyohesabu, msimgombeze mtu bure kwa hilo.) Ila "SSD ya 2TB" kwa bei ya chakula cha mchana ijaze kwa H2testw (programu ya kupima ujazo) kabla hujaweka kitu cha maana. Za bandia hupokea data kwa furaha, halafu zikipita ujazo wake halisi zinaandika juu ya ulichohifadhi.

RAM. "8GB" ni stiki moja ya 8 au mbili za 4? Picha iliyomo ndani ya prosesa inakopa RAM, na stiki moja inakata njia nusu. Ziwe mbili zinazofanana. Halafu kuna zile DDR3 za 8GB za bei ya kutupa, zenye kijistika kwamba ni za AMD tu. Ukizichomeka kwenye madabodi ya Intel, feni inazunguka, mlio unalia, kioo giza. Hiyo RAM si mbovu, madabodi ya Intel hayawezi kuisoma. Muuzaji anajua, kakibandua kijistika.

Tukija kwenye pawa saplai na kadi za picha, hapa ni ujambazi. Boksi la pawa saplai limeandikwa 500W, ukilinyanyua ni jepesi kama pakiti ya chipsi. Soma mstari wa +12V, zidisha ampea kwa 12. Ikiandika 14A, hizo ni wati 168, basi. Wakati huohuo ile ndogo ya HP EliteDesk 800 G1 SFF imeandikwa 240W na inatoa 240 kweli. Kuna mafundi wanaing'oa ya kiwandani na kukuwekea hilo kopo kwa adapta, kwa sababu ile ya kiwandani ina soko. G1 inatumia plagi ya pini 6, OptiPlex 9020 pini 8, si zile 24 za kawaida. Ukikuta adapta ya nyaya ndani ya mashine hizo, jua kuna mkono umepita.

"Kadi ya picha GTX 1050 Ti 4GB" isiyojulikana jina la kiwanda: mara nyingi ni chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti ya 2010 na 2011 iliyobadilishwa BIOS ijiite hivyo. Fungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi za picha, tangu toleo la 2.12 inaziandikia kabisa kwamba ni feki. Na kwa matumizi ya nyumbani huihitaji hiyo kadi!

Tangazo la kiungwana linaingia kwenye mistari miwili: "HP EliteDesk 800 G4 SFF, i5-8500, RAM DDR4 4+4 (nafasi 2 wazi), SSD SATA 256 saa 3,100 afya 96%, pawa saplai ya kiwandani, haina nywila ya BIOS, haina WiFi." Mnashindwa nini? Hofu yenu ni kwamba mteja ataanza kulinganisha.

Nawasilisha.

———

BoksiJeusi:
Mleta uzi umeongea kweli ila unaua soko la masikini. Kizazi cha 4 si takataka. i5-4570, RAM 8, SSD 240, ukaweka Linux Mint badala ya kulazimisha Windows 11, mtoto anasoma nayo miaka. Si kila mtu ana hela ya kizazi cha 8.

Mleta uzi:
Mkuu, sijasema isiuzwe. Iuzwe kwa jina lake na bei yake. Na mteja aambiwe HD 4600, sehemu ya picha iliyomo ndani ya i5-4570, haina uwezo kamili wa kufungua VP9, aina ya video ambayo YouTube inaipenda, kwa hiyo video ya 1080p ya fremu 60 inaenda kumtesa prosesa. Dawa ni kuweka kiongezi cha h264ify kwenye kivinjari, YouTube irudi kwenye video za H.264 ambazo HD 4600 inazimudu, mzigo unashuka hapohapo. Hilo muuzaji angelisema bure.

SolderNaWaya:
Nyongeza muhimu. Mzigo uliotoka Marekani, kabla ya kuchomeka geuza mashine nyuma. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu cha 115/230. Kikiwa 115 na soketi yetu ni 230, utasikia "pah!" na harufu, na waranti ya miezi 3 itasema umeunguza mwenyewe.

Pia msiamini jina la prosesa linaloonekana ndani ya Windows. Lile ni andishi tu kwenye rejista ya Windows, kiskripti kidogo kinalibadilisha kila inapowaka. Zima, washa, ingia BIOS: HP ni F10, Dell F2, Lenovo F1. Hukohuko utaona kama kuna nywila ya kampuni iliyoiuza. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 imekufa, ni shilingi kidogo, ila tovuti zote za benki zitagoma mpaka tarehe ikae sawa.

Kijana_wa_Mbeya:
Wakuu kwa anayeunganisha mpya kabisa kwa hela ndogo, Ryzen 3 3200G na madabodi ya A520 inakuwaje?

SolderNaWaya:
Usiifuate. Rasmi, A520 na B550 haziungi mkono 3200G ingawa inaingia kwenye soketi ya AM4 bila shida, na ndiyo mtego wenyewe. Kwa A520 chukua 5600G, viini sita na picha ndani. Au i3-12100 isiyo na F, na madabodi ya H610. Hapo soma boksi: kuna H610 za DDR4 na za DDR5, stiki haziingiliani. Ukichukua B450 iliyokaa dukani muda mrefu kwa ajili ya 5600G, mwambie muuzaji aipandishe BIOS mbele yako, la sivyo itawasha feni tu.

BoksiJeusi:
UPS je, kile kikasha cha betri cha umeme ukikatika? Watu wananunua za 650VA wakidhani ni wati 650.

Mleta uzi:
Ni wati 325 mpaka 390 hivi, inategemea kampuni. Na muda unaamuliwa na betri: 12V 7Ah ni kama wati-saa 84 ikiwa mpya, toa upotevu. Mashine ya wati 50 na kioo cha wati 20, hesabu dakika 20 na ushee, si saa nzima. Ile ya mtumba yenye betri ya zamani itakupa muda wa kubonyeza Ctrl+S. Printa ya leza usiichomeke humo kabisa, inavuta mamia ya wati ikipasha joto, UPS inazima kila kitu.

Kijana_wa_Mbeya:
Asante wakuu. La mwisho, EliteDesk haina HDMI na kioo changu kina HDMI tu.

SolderNaWaya:
Kebo ya DisplayPort kwenda HDMI, ya kawaida, inatosha. Ina upande: DisplayPort ikae kwenye mashine, HDMI kwenye kioo, ukigeuza haifanyi kazi. Usinunue ya VGA kwenda HDMI, ile inahitaji kikasha chenye umeme wake na picha inatoka na ukungu.