Vitabu vya picha vya kuwaandaa watoto kwa theluji ya Minnesota

Swali: Mama wa Wawili, Tanga

Habari zenu, wanajukwaa. Mume wangu anaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, na mwezi wa Januari mimi na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka minne, tutamfuata huko. Watoto hawa wamezaliwa na kulelewa Tanga, na baridi kali kuliko zote wanayoijua ni ile ya Lushoto kwa bibi yao. Baba yao aliwaonyesha theluji kwa simu ya video, lakini tangu siku hiyo mkubwa anashikilia kuwa ile ni pamba, na mdogo ameingiwa na hofu kwamba itatufunika sote tukiwa tumelala.

Nimeona ni vyema niwasomee vitabu vya picha kabla ya safari. Je, ni kitabu gani kinachofaa umri huo, na nianze na hadithi au na maelezo ya theluji yenyewe? Vile vichache nilivyovipata hapa vyote vinahusu Krismasi, kana kwamba theluji huanguka siku hiyo tu.

Jibu: Mkutubi wa Ohio

Dada, karibu sana. Ninahudumu katika sehemu ya watoto ya maktaba ya umma, na kwa umri wa watoto wako ningeanza na *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats. Kilitoka mwaka 1962, mwaka uliofuata kikapewa Medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto, na mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilitangaza kuwa ndicho kitabu kilichoazimwa mara nyingi kuliko vyote katika historia yake. Mhusika wake, Peter, ni mtoto mweusi wa mjini aliyevaa vazi jekundu la theluji, na wanao watajiona ndani yake bila wewe kuwaambia lolote.

Sikichagui kwa sababu ya medali, bali kwa sababu hakielezi theluji hata kidogo. Peter anaichunguza kwa mwili wake: anatembea vidole vikielekea nje, kisha vikielekea ndani, kisha anaburuza miguu taratibu ili aone mistari inayobaki nyuma yake, na akiokota kijiti anapata mstari wa tatu. Anaupiga mti, theluji inamwangukia kichwani. Kurasa hizo usizipitie haraka. Mwache mtoto afuate nyayo kwa kidole na akuambie ni kipi kilichochora mstari upi.

Jioni Peter anatia donge la theluji mfukoni na kuingia nalo ndani. Hapo funga kitabu. Mpe kila mtoto kipande cha barafu akiweke mfukoni mwa kaptula yake akacheze, na baadaye ndipo mfungue ukurasa unaofuata. Mfuko ukisha kulowa, hakuna atakayekwambia tena kuwa theluji ni pamba. Kuhusu hofu ya mdogo wako, usiku katika hadithi hii unapita salama, nyumba iko pale pale, na asubuhi Peter anamwita rafiki yake watoke pamoja kwenye theluji mpya.

Jibu: Mwalimu wa Chekechea, Moshi

Nakubaliana na Mkutubi kuhusu hadithi kutangulia, lakini sikubali kwamba maelezo yaachwe kabisa, hasa kwa mtoto wa miaka sita. Watoto ninaowafundisha huona weupe wa Kibo asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na bado mmoja wao alinihakikishia kwamba ni wingu lililokwama mlimani. Kuona kitu kwa mbali hakumfundishi mtoto kitu hicho ni nini, na picha ya kitabuni nayo ni kuona kwa mbali.

Mimi hutumia friza ya zamani, ile inayoota utando mweupe kwenye kuta zake. Ukwangue kwa kijiko mbele ya watoto, uwape kiganjani, na uwaeleze kwamba ule haukutokana na maji yaliyomwagika humo, bali ni mvuke wa hewani uliogeuka barafu moja kwa moja. Theluji huanza vivyo hivyo mawinguni: mvuke hujishika kwenye punje ndogo sana ya vumbi na kukua, na kwa jinsi chembe za maji zinavyojipanga zikiganda, umbo lake huwa na pande sita. Kwa hiyo theluji si tone la mvua lililoganda, ingawa vitabu vingi vya watoto husema hivyo.

Hapo mkubwa atapata kazi anayoiweza. Mwambie ahesabu mikono ya kila chembe ya theluji iliyochorwa vitabuni, kwa maana wachoraji wengi huipa minane. Wakikata zao kwa karatasi, kunja karatasi nusu, kisha ikunje katika sehemu tatu zilizo sawa kama kipande cha pai, nayo itafunguka na mikono sita. Ukikunja nusu kwa nusu tu, kama tulivyozoea, hupati sita.

Kitabu kinachokwenda na zoezi hilo ni *Snowflake Bentley* cha Jacqueline Briggs Martin, chenye michoro ya Mary Azarian. Kinamhusu Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, ambaye mwaka 1885 alifanikiwa kupiga picha chembe ya theluji kwa kuunganisha kamera na hadubini, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000. Maandishi yake ni marefu kwa mtoto wa miaka minne. Muonyeshe michoro tu na umsimulie kwa mdomo.

Jibu: Mama Nuru, St. Paul

Vitabu vyote mlivyovitaja ninavyo na ninavipenda, lakini kuna mambo ambayo havisemi na ambayo yatawaliza watoto wiki ya kwanza. Kwanza ni mavazi. Kitabuni mtoto anaamka, anavaa, anatoka. Hapa St. Paul, jirani na Minneapolis, shule huwatoa watoto uani wakati wa mapumziko hata kukiwa na theluji, na mtoto aliyeanza na glavu hawezi tena kufunga zipu ya koti. Wafundishe mpangilio huu kama mchezo: suruali ya theluji, buti, koti, kofia, na glavu ziwe za mwisho.

Pili ni sanamu ya theluji. Januari hapa nyuzi 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na theluji ya baridi ya namna hiyo huwa kavu, humwagika kama mchanga na haishikani kabisa. Ili donge lishike, hali ya hewa inapaswa kukaribia sifuri, na siku hizo mnaweza kuzisubiri sana. Waambie mapema. Tatu, theluji ya kando ya barabara ni ya kijivu, imechanganyika na chumvi na mchanga, nayo hailiwi.

Kwa hiyo ningeongeza kitabu cha kutengeneza wenyewe. Baba yao apige picha dirisha lile lile tangu sasa kabla theluji haijaanguka, halafu ikianza, halafu ikiwa imejaa. Aongeze picha ya mlango wa nyumba na ya kituo cha basi la shule. Zichapishe, uzibandike kwenye daftari, na kila mtoto aseme neno la kuandikwa chini ya kila picha.

Mama wa Wawili, Tanga

Nawashukuru nyote. Barafu ya mfukoni tumeifanya leo; mkubwa amekubali kwamba si pamba, ila sasa anadai Peter angeliweka donge lake kwenye friza. Swali la mwisho: kitabu cha Keats kimeandikwa kwa Kiingereza, na mdogo hakijui. Nikisome vipi?

Mkutubi wa Ohio

Maneno yake ni machache kwa kila ukurasa. Kisome kwanza peke yako, kisha wasimulie kwa Kiswahili huku wakitazama picha. Wakishaizoea hadithi, rudia ukiwasomea kwa Kiingereza, kwa kuwa wakati huo watajua kila sentensi inazungumzia nini, na mwalimu wao wa Minneapolis huenda akawasomea kitabu hicho hicho darasani. Mkubwa naye mkubalie: aweke donge lake kwenye friza mkifika, alitazame kila siku.