Balbu za waya zilizuiwa, mbona ampu za valvu zimeachwa?

Mleta mada
Wakuu, mwaka 2009 Ulaya ilianza kuondoa madukani balbu za waya, ikitangulia na zile za wati 100, kwa sababu umeme wake mwingi uliishia kuwa joto. Ampu ya valvu, yaani kikuza sauti cha mtindo wa zamani kinachotumia mirija ya kioo, ni binamu wa balbu ile: kioo, na ndani yake waya unaochomwa. Ninayo moja, ina valvu mbili za aina ya 300B, inatoa wati 8 kila upande. Mita niliyoichomeka ukutani inasoma wati 130. Nikishusha sauti hadi mwisho, bado ni 130. Kwa saa nne kila siku zinakwenda uniti 15 na nusu kwa mwezi, kama shilingi 5,500 za LUKU. Naipenda, ila kuitetea naona aibu. Je, sheria iziguse na hizi?

Fundi redio
Mkuu, kwanza tujue umeme unapotelea wapi. Waya wa 300B unakula volti 5 kwa ampea 1.2, yaani wati 6 kila valvu kabla hujasikia hata nota moja. Hicho ni kiingilio tu. Mlaji mkubwa ni anodi, bamba la chuma ndani ya valvu linalopokea mkondo. Ampu ya valvu moja kila upande inafanya kazi kwa klasi A, na mkondo wake haupumziki: tuseme volti 350 na miliampea 60, hizo ni wati 21 zinazolipiga bamba la anodi muda wote. Muziki ukilia, sehemu yake inakwenda kwenye spika. Ukinyamaza, zote zinabaki kwenye bamba. Kwa hiyo ampu hiyo huwa na moto zaidi ikiwa kimya. Wateja hubisha sana hapo. (Msijaribu kwa kidole, kioo kinaunguza.)

Anayetaka nafuu achukue ya valvu mbili zinazopokezana, klasi AB. Jozi ya valvu za EL34 inakupa wati 30 na ushee, na ikiwa kimya inavuta kidogo kuliko ingekuwa klasi A.

Mpenzi wa honi
Mnapima wati wakati tunachosikiliza ni sauti. Kuna spika ya desibeli 86 kwa wati moja, na kuna honi, spika yenye mdomo wa tarumbeta, ya desibeli 100. Tofauti ya 14 ni sawa na kuzidisha wati mara 25. Wati zake 8 kwenye honi zinafanya kazi ya wati 200 kwenye kile kispika chembamba cha sebuleni.

Fundi redio
Kweli kabisa. Sasa chukua honi hizo hizo uzifunge kwenye kiampu cha kisasa cha klasi D, kisicho na valvu. Zitalia vile vile, na mita ya ukutani itasoma wati kumi hivi. Honi imemsaidia kila mtu, haijaitetea valvu.

Mama wa bili
Jamani, pasi yangu ya wati 1000 kwa nusu saa inakula karibu sawa na hiyo ampu kwa saa nne. Mbona pasi haitungiwi sheria? Balbu ilikuwa kila chumba cha kila nyumba. Valvu wanazo wangapi mtaani kwenu? Nyingi zinatoka viwanda vya kuhesabu: Saratov kule Urusi, Čadca kule Slovakia, na China. Mwaka 2022 hofu ya kukosa za Urusi tu ilitosha kupandisha bei. Mkizipiga marufuku mtaokoa nini?

Mkaa Tabata
Mama, kwa nchi hoja yako inasimama. Kwa nyumba, sidhani. Aliye kwenye bei nafuu ya chini ya uniti 75, akiwa anatumia 65 kwa mwezi, hizo 15 zinaweza kumtoa humo na kila uniti ikapanda bei, hadi ya jokofu. Na Dar hii, ukiwa na kiyoyozi, kila wati ya joto la ampu unalipia tena kuitoa nje.

Mleta mada
Nimewasikia. Marufuku naiondoa. Ila kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1275 ya mwaka 2008, iliyobadilishwa na kanuni mpya 2025, ilikuwa na kipengele kilichoanza kutumika 2013: kifaa cha sauti kikiachwa bila kazi, kijizime chenyewe au kiingie hali ya kusubiri. Hicho nakitaka. Nikiri kitu: mwezi huu nimelala ikiwaka usiku mara nne. Usiku wa saa nane ni zaidi ya uniti moja, na hakuna aliyesikiliza.

Fundi redio
Hapo tuko pamoja, tena si kwa ajili ya bili tu. Kapasita (vihifadhi umeme) zilizo chini ya valvu hizo, kila joto likipanda nyuzi 10 maisha yake yanakatika nusu. Nyingi ninazobadilisha zimeiva, hazijazeeka. Ilete nikufungie swichi ya saa. Ila ukiichomoa usiifungue mwenyewe, mle ndani volti mia kadhaa huwa bado zimelala kwenye kapasita. Na huyo wa honi aje nazo, nataka kusikia.