Kukata vyuma vya ndani ya gari la rali: tunapunguza uzito au tunaua bodi?

Hoja: Gari ni saluni ya kawaida inayoandaliwa kwa rali. Siti, zulia na plastiki zimeshatoka. Vimebaki vyuma vilivyochomelewa: mabano ya siti ya nyuma, nondo za milangoni (za kukinga watu gari likigongwa ubavuni), ukuta kati ya siti na buti. Vikatwe au viachwe?

Patasi: Mabano yakatwe, hayabebi kitu tena. Ila msiyavamie kwa grinda, inakula na bati la sakafu. Kwanza chomoa betri, kisha chungulia chini ya gari, maana bomba za petroli na za breki hupita hapohapo. Sugua rangi kwa brashi ya waya mpaka vidoti vya spoti, yaani nukta mabati yalipochomelewa pamoja, vionekane. Piga alama katikati ya kila kidoti, toboa kwa biti ya spoti ya milimita 8, bati la juu tu. Ukiona duara jembamba limejitokeza kuzunguka kidoti, simama: umefika kwenye maungio. Ingiza patasi nyembamba, gonga taratibu, bano litaachia. Ukipitiliza, tundu lijazwe kwa welding. Malizia na praima ya zinki, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Mkaguzi: Kazi umeieleza vizuri, faida ndiyo siioni. Bati la milimita 0.8 lina kilo 6.3 kwa mita ya mraba. Kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4 ni gramu 390 tu. Kata vipande kumi vya namna hiyo, hujafika kilo 4, na matope ya kwenye madigadi yatazirudisha zote. Anzeni na lami ya sakafuni, ile ya kuzuia kelele: laza barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) juu yake, subiri dakika 10, gonga kwa nyundo, inapasuka kama kigae. Glavu ni lazima, na milango iwe wazi kwa sababu gesi yake inafukuza hewa.

Fundi Keji: Nakubali kuhusu lami. Lakini hesabuni keji pia, yaani fremu ya mabomba inayowakinga watu gari likipinduka. Nyongeza J ya kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), kifungu cha 253, inataka tao kuu, lile la nyuma ya siti za mbele, liwe bomba la milimita 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2. Hilo la 45 lina kilo 2.6 kwa mita. Ndiyo maana watu wanatafuta pa kufidia, na ukuta wa nyuma ya siti unawatamanisha. Ukikatwa kabla ya keji kuchomelewa, bodi inaweza kujikunja wakati wa kazi, na mfuniko wa buti usikae tena sawa.

Patasi: Na keji ya kufunga kwa bolti?

Fundi Keji: Basi ukuta usiguswe kabisa. Mara nyingi keji hiyo inakaa juu ya sakafu tu, haiunganishi sehemu za juu zinaposhikiliwa shokomzoba za nyuma. Ukuta ndio unaozishika, kushoto na kulia.

Mkaguzi: Nondo za milangoni nazo zibaki, isipokuwa keji ina mabomba ya ubavuni. Na kwa aliyekwisha kukata ukuta: baada ya kila mbio za barabara mbovu kama za Naivasha, futa vumbi kuzunguka shokomzoba za nyuma. Rangi ikiwa na ufa mwembamba kama unywele kando ya spoti, maungio yameanza kuachia.